Konokono wa Maji Baridi

Mume wangu alikuwa mtu wa Lindi. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa kwenye njia ya Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Tulioana mwaka ambao reli ilifika kwetu. Alikuja na reli hiyo, akiwa mmoja wa wale waliokata kingo za udongo ili njia ipite, na kazi ilipoelekea Mwanza wenzake wakaifuata, yeye akabaki. Akaweka cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi, akaanza kushona kanzu na suruali. Watu walisema amebaki kwa sababu yangu. Nilipenda kulisikia hilo, na kama kuna mtu alikuwa na maelezo mengine sikumpa nafasi ya kuyatoa.

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kupita penye korongo bila kuinama. Ujanani alifanya kibarua huko bara ya Lindi, kwenye vilima ambako Wazungu walichimba mifupa ya wanyama wa kale, mingine mirefu kuliko mtu. Mifupa yenyewe haikumshangaza sana. Kilichomnasa ni matabaka yaliyokuwa kati ya mifupa, yamejaa chaza na makombe yaliyogeuka jiwe. Alisema bahari ilipanda mpaka pale, ikakaa, ikashuka tena, na ushahidi wake ni viumbe iliowaacha nyuma. Mimi sikuwa nimeiona bahari hata ile ya maji, kwa hiyo nilimwamini kama unavyomwamini mtu anayekusimulia habari za Maka.

Akanifundisha. Mfupa wa kale hunata ukiugusa kwa ulimi, jiwe la kawaida halinati. Jiwe lenye ganda la kombe ndani yake, ukilidondoshea maji ya ndimu, mara nyingi hutoa povu. Kila unachookota kioshe kwanza, kisha kigeuze taratibu juani, maana mistari midogo huonekana mwanga ukija kwa ubavu. Mama yangu alipotutembelea miezi ya kwanza alitukuta tumekaa mlangoni, kila mmoja na jiwe lake mdomoni. Alirudi kwake bila kuonja uji wangu, na kwa muda mrefu ukoo mzima uliniuliza kama kwa Mswahili kuna njaa.

Mungu akatupa mtoto wa kike. Alikuwa ameanza kuunganisha maneno, Kiswahili cha baba yake mwanzoni na Kisukuma changu mwishoni, homa ilipomchukua. Tulimzika nyuma ya nyumba. Siku ile sina la kuieleza zaidi ya kwamba baba yake alishona sanda mwenyewe, kwa mkono, hakutaka kutumia cherehani.

Baada ya msiba majirani hawakujua waniite nani. Kwetu mwanamke ni mama wa fulani, na sasa fulani hayupo. Wengine walikwepa kuniita kabisa, wengine wakarudia jina langu la usichana, nikajisikia nimerudishwa kwa baba. Mume wangu peke yake aliendelea kuniita mama wa mtoto wetu, na jina la mtoto akalitamka lote, bila kulimeza. Kwa hilo nilimpenda kuliko nilivyompenda kabla.

Lakini alianza kunyong'onyea. Hakula vizuri, hakulala vizuri. Alisema nchi hii imemkauka. Alisema kwao mtu akifiwa huenda pwani akakaa, na bahari hupiga kelele kwa niaba yake, naye huku Shinyanga hana wa kumpigia kelele. Akaniomba tuhame Lindi. Nikakataa. Nani atapalilia kaburi la mwanangu? Mbuzi wa nani wataachwa walale juu yake? Tuligombana, na mimi si mtu wa kugombana kimyakimya. Nilivunja mtungi, nikamwambia kama anaitaka bahari na aende akaioe. Yeye aliokota vigae, akavipanga ukutani kwa ukubwa wake, kama alivyozoea kupanga mawe.

Baada ya siku kadhaa akanijia na neno. Alilisema kwa kicheko kidogo, lakini macho yake hayakucheka.

"Nikiiona bahari hapa, hata iwe ya mawe, nitabaki mpaka nife," alisema. "Nisipoiona, uniruhusu niende, wala usinichukie."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikasema nimekubali.

Nadhani yeye alisema hivyo ili tupumzike kugombana. Mimi nililichukua neno lile kama mkulima anavyochukua jembe. Tangu siku hiyo niliyekuwa nikiinama penye makorongo ni mimi. Mawe aliyoyapenda yeye kwa raha, mimi niliyatafuta kwa dhiki, kwa sababu katika mojawapo alikuwamo mume wangu, ama anabaki au anaondoka.

Nilianza karibu, kwenye kingo za reli alizozikata mwenyewe. Nilimletea kila kitu. Hili jiwe tu, alisema. Hii ni mizizi ya mti iliyoota chokaa. Hiki ni kigae, mama, tena cha mtungi wako. Hapo tulicheka wote wawili, kicheko cha kwanza tangu msiba.

Kisha nikakumbuka shangazi yangu wa Tinde. Kutoka kwake nchi inashuka kuelekea mbuga ya Manonga, na mvua zinapokatika makorongo ya kule hubaki wazi, udongo mweusi juu, udongo mweupe chini. Wazee wa kule walizungumza siku zote habari za mifupa ya tembo inayotoka ardhini. Tena huko mbele, upande wa Wembere, watu walikwenda kuchota chumvi. Nikawaza: palipo na chumvi, kwa nini pasiwe na bahari? Nikafunga safari na msumari, brashi ya katani na kanga kuukuu ya kufungia.

Nilikaa kwa shangazi mara nyingi msimu ule. Watu walianza kunong'ona. Wakati huo kila mtu Shinyanga alikuwa na habari za almasi, na mwanamke anayekwaruza korongo kwa msumari hakuweza kuwa anatafuta kitu kingine. Askari wa mtemi alinisimamisha njiani, akanitaka nifungue furushi. Nikalifungua. Akaangalia konokono wa mawe mmoja mmoja, akamgeuza mkubwa wao, akaniuliza taratibu, "Mayu, mama yangu, kwenu mnakula hivi?" Nikamjibu kwamba tunalamba tu. Akaniacha nipite, akawa ananiangalia kwa huruma mpaka nilipopinda njia.

Ndiyo, nilikuwa nimewapata. Ukingo mzima wa udongo mweupe ulikuwa umejaa konokono waliosokotwa vizuri, na katikati yao makombe madogo, mengine bado yamefumba mabawa yake mawili. Nililia pale pale korongoni. Nilichokoa bamba moja zuri kuliko yote, nikalifunga kwenye majani makavu na kanga, nikalibeba kichwani mpaka Shinyanga. Sikulipakia kwenye punda wa mtu kwa kuogopa kuvunjika.

Nilimkuta barazani. Aliiacha nguo ya mtu ikiwa bado imeshikwa na sindano, akaja nyumbani nami. Tukaliosha bamba kwenye karai. Akalitoa nje juani, akachuchumaa nalo, na mimi nikachuchumaa mbele yake, namwangalia uso.

Nilijua anachokitafuta, kwa sababu alikwisha kunieleza. Alitafuta chaza, kwa kuwa chaza ni wa maji ya chumvi. Alitafuta tumbawe. Alitafuta alama ya kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye mikono mitano kama nyota. Kisha akarudi kwa konokono. Aliwahi kuniambia konokono wengi wa bahari wana mfereji mdogo kwenye mdomo wa ganda. Akachukua sindano ya cherehani, akaanza kutoa udongo kwenye midomo yao, wa kwanza, wa pili, akaendelea na wote waliokuwa kwenye bamba lile. Mikono yake, iliyozoea kuikimbiza hariri ya watu, ilirudia kila mdomo mara mbili. Alichukua muda mrefu sana. Nilitaka kumhimiza lakini nilijizuia.

Mwishowe aliweka sindano chini. Akaniita mama wa mtoto wetu, na jina la mtoto akalitaja.

"Hawa ni konokono wa maji baridi," alisema.

Naomba msomaji wa pwani asinicheke. Kiswahili mimi nilikipata sokoni na ndani ya ndoa. Nyumbani kwetu maji yalikuwa maji. Maji baridi yalikuwa yale yaliyokaa mtungini mpaka yakapoa, basi. Hatukuwa na maji ya aina nyingine ya kuyatofautisha nayo. Na baridi, kwa mume wangu, nilikwisha kuisikia mara nyingi: jinsi alivyokuwa akiingia baharini alfajiri na mama yake kuokota makombe maji yakitoka, meno yakigongana, baridi ya bahari ikimwingia mfupani. Bwawa letu, ambamo ng'ombe walikunywa, lilikuwa vuguvugu mwaka mzima. Kwa hiyo nilisikia alichokisema bila shaka yoyote. Konokono wa maji baridi ni konokono wa bahari. Mume wangu anabaki.

"Alhamdulillahi," nikasema. Nikacheka, nikamshika mikono yote miwili yenye matope.

Akauliza kama nimeridhika. Nikamwambia nimeridhika kabisa, roho yangu imetua. Akasema basi, neno letu limekwisha. Nikasema limekwisha, namshukuru Mungu. Siku ile nilichinja jogoo. Alikula kidogo, akasema chakula kizuri, na alipokwisha kunawa alikaa karibu na kaburi mpaka jua likazama. Nilimwacha, nikidhani anampa mtoto habari njema.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuishi na mtu. Hatukugombana hata mara moja. Alimaliza nguo zote za watu. Aliezeka upya upande wa paa uliokuwa ukivuja. Alilizungushia kaburi mawe, akayapanga vizuri kiasi kwamba mbuzi hawakuweza kupita. Alinifundisha kutia uzi kwenye cherehani, akanifundisha kupinda ukingo, akasema inafaa nijue. Nilijiambia mtu anayefanya haya yote ni mtu aliyeamua kukaa. Upole wake nao niliufahamu hivyohivyo. Kila mmoja wetu alikuwa mpole kwa sababu yake, na hakuna aliyeiuliza ya mwenzake.

Kisha akasema anakwenda kwa mama yake. Nikasema vizuri, ameshakuwa mzee, nenda. Nikamkaangia karanga za njiani. Stesheni alinishika mkono, akasema nimsamehe kwa yote, nami nikamjibu nimemsamehe, naye anisamehe, kwa kuwa ndivyo wasafiri wanavyoagana. Machozi yakamtoka. Nikamtania kwamba mtu mzima analilia maziwa ya mama. Nilitaka kumwambia asichelewe, lakini mtu anayekwenda kumwona mama yake humharakishi. Gari moshi likaondoka.

Siku chache baadaye mwalimu wa msikiti alikuja na mashahidi wawili. Nikawatandikia mkeka. Mwalimu alizungumza habari za mvua, kisha za subira, kisha akasema mume wangu alitamka talaka mbele yao kabla hajaondoka, na kwamba nianze kukaa eda.

"Amesema mmeagana kwa wema," alisema mwalimu. "Nyumba na kila kilichomo ni chako."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia bahari ameiona, kaiona hapa hapa uani, ameniambia kwa kinywa chake. Wale mashahidi wakatazamana. Mwalimu aliondoka polepole, na jioni yake wanawake wawili wa jirani walikuja kukaa nami, wametumwa waangalie nisijidhuru.

Sikujidhuru. Nilichukua mchi wa kinu nikalitwanga lile bamba mpaka likawa unga. Nilimwita mwongo mbele ya kila aliyetaka kusikia, na walikuwa wengi. Alikula jogoo wangu, niliwaambia, akaniapia atakaa, akanikimbia. Hasira ile ilinifaa. Ilinisimamisha asubuhi na kunilaza jioni, na kwa miaka kadhaa sikuhitaji kitu kingine.

Mvua zikatukatalia. Wakati huo watu walikuwa wakimiminika Geita kwa ajili ya dhahabu, na mahali penye wachimbaji pana watu wenye njaa. Kaburi nililokataa kuliacha kwa ajili ya mume, nililiacha kwa ajili ya chakula. Nilimwomba mama yangu alipalilie. Nikaenda Geita, nikafungua kibanda, nikapika ugali na maharage, na samaki walipoletwa kutoka ziwani, upande wa Nungwe, nikapika samaki.

Kulikuwa na mpishi wa Wazungu wa mgodi, mtu wa Lindi. Siku yake ya mapumziko alikuja kula kwangu ili apikiwe na yeye, alisema. Nilimpenda kwa matamshi yake, ingawa nisingekiri. Siku moja nilimwekea sato mkubwa. Akamdonoa, akamsukuma kando.

"Mama, usinione nina maringo," alisema. "Samaki wa maji baridi mimi simwelewi."

Nikamwambia aache upuuzi, ziwa lile mchana ni vuguvugu, mtu anaweza kuogeshea mtoto mchanga. Mpishi akacheka mpaka akashika ubavu. Akanieleza, kama mtu anayemweleza mgeni: kwao maji baridi ni maji ya kunywa, yawe moto au yawe vipi. Ya mto, ya kisima, ya ziwa. Yasiyo ya bahari.

Nikamwuliza arudie. Akarudia. Nikamwuliza na konokono je? Akasema hata konokono, mama, kila kiumbe.

Ugali uliungua siku ile. Wachimbaji walilalamika, wengine wakaenda kibanda cha pili. Mimi nilikaa kwenye gogo la kuni na kuyaona upya yote niliyoyaona: sindano ikiingia kwenye mdomo wa kila konokono, muda ule mrefu, mikono ile. Alikuwa akitafuta pa kubakia. Angeweza kunidanganya, na nisingejua mpaka kufa kwangu. Nani Shinyanga nzima angembishia? Lakini hakuwa na uwezo wa kuita kitu jina lisilo lake. Akaniambia ukweli, kwa neno la upole kuliko yote aliyokuwa nayo, asilazimike kusema si bahari. Na mimi nikacheka. Nikamshukuru Mungu mbele yake. Nikachinja jogoo.

Miaka yote ile nilikuwa na mtu wa kumchukia. Sasa sikuwa naye. Nilitafuta wa kumlaumu, nikajilaumu mimi, haikukaa. Nikamlaumu yeye, haikukaa. Hakuna aliyekosa. Ningeona afadhali kama angekuwapo mkosaji.

Mpishi alipopata likizo ya kwenda kwao nilimwomba anichukulie maneno. Wakati huo sikujua kuandika, na maneno yale sikutaka yapite kwenye mkono wa karani. Nilimfundisha mpaka akayashika. Amwambie kwamba mimi nilidhani maji baridi ndiyo bahari. Amwambie nilifurahi kwa kuwa nilidhani anabaki. Hayo tu. Mpishi, ambaye alikuwa mtu wa maneno mengi, hakutia lake hata moja.

Alikawia sana. Kila alipopita mtu mwenye koti kama lake niliinua kichwa. Aliporudi alikuja moja kwa moja kibandani na mzigo wake begani, watu wamejaa, mimi nasonga. Akasema amemwona. Anashona karibu na soko la Lindi. Ameoa, ana watoto, mkubwa amekwisha kuanza chuo cha Kurani. Mama yake amefariki. Amenenepa kidogo. Yote hayo aliyatoa haraka haraka, kama anatua mizigo ili afike kwenye ule wa chini.

Nikamwuliza kama alimpa maneno.

Alimpa. Mume wangu alikuwa anashona, akaendelea kushona mpaka mpishi alipomaliza. Kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Akamtuma mwanawe ndani akalete maji, na mtoto alipokwisha kuondoka akauliza jambo moja.

"Aliuliza hivi," mpishi akasema. "'Kumbe alitaka nibaki?'"

Nikauliza yeye alimjibu nini. Akasema hakumjibu, kwa sababu halikuwa lake kujibu. Na yeye mwenyewe Lindi hatakwenda tena kupeleka jibu, kazi imebadilika, na hata hivyo kule hana mtu tena.

Nilikuwa nimeshika mwiko, ugali unachemka, wachimbaji wananitazama.

"Ndiyo," nikasema. Nilimwambia mpishi wa watu, aliyesimama pale na mzigo wake, kwa kuwa ndiye aliyekuwapo.